Enrico Fermi, profesa aliyewasha kinu cha nyuklia chini ya jukwaa la uwanja wa chuo

WAKAZI wa kusini mwa jiji la Chicago waliopita kando ya uwanja wa michezo wa Stagg Field mnamo Desemba 2, 1942, hawakuwa na sababu ya kuutazama mara ya pili. Chuo Kikuu cha Chicago kilikuwa kimeachana na kabumbu la Kimarekani miaka mitatu awali, na majukwaa ya upande wa magharibi yalikuwa yamebaki bila watazamaji. Chini ya majukwaa hayo, katika ukumbi uliojengwa kwa ajili ya mchezo wa raketi, watu wapatao 49 walikuwa wamekusanyika, wengi wao wakiwa wamesimama kwenye roshani, wakitazama lundo jeusi la matofali lililoshikiliwa na fremu ya mbao.

Alasiri hiyo lundo hilo likawa kinu cha kwanza cha nyuklia kuwahi kuundwa na binadamu. Halikuwa na ukuta wa kuzuia mnururisho wala mfumo wa kulipoza. Jiji lenye watu zaidi ya milioni tatu lilikuwa limelizunguka, na rais wa chuo chenyewe hakuwa ameambiwa lolote.

Mtu aliyekuwa akitoa amri siku hiyo alikuwa Mwitaliano mfupi, mtulivu, mwenye kikokotozi cha mkono kisichomtoka. Alikuwa na umri wa miaka 41. Machoni pa serikali ya Marekani alikuwa ameorodheshwa, hadi wiki chache tu kabla ya hapo, miongoni mwa raia wa taifa adui, ambao hawakuruhusiwa kusafiri kutoka mji hadi mji pasipo kibali. Jina lake ni Enrico Fermi.

Fermi alizaliwa mjini Roma mnamo Septemba 29, 1901, akiwa kitinda mimba katika familia ya watoto watatu. Babake, Alberto, alikuwa afisa katika idara ya reli, na mamake, Ida, alikuwa mwalimu. Aliandamana sana na kakake, Giulio, ambaye alimpita kwa mwaka mmoja. Wawili hao walikuwa wakiunda mota za umeme na vidude vingine vya kuchezea. Mwaka wa 1915 Giulio alipelekwa hospitalini kufanyiwa upasuaji mdogo wa jipu la koo, na hakurudi nyumbani akiwa hai. Waliomfahamu Enrico walisema kwamba tangu hapo alizama vitabuni. Katika soko la Campo de' Fiori alinunua kitabu kikuukuu cha fizikia kilichoandikwa kwa Kilatini, akakisoma chote. Rafiki wa babake aliyekuwa mhandisi alianza kumwazima vitabu vya hisabati, kimoja baada ya kingine.

Alijiunga na Scuola Normale Superiore mjini Pisa mwaka wa 1918. Insha yake ya mtihani wa kuingia, iliyohusu sauti, ilikuwa ya kiwango ambacho watahini hawakuwa wamekizoea kutoka kwa kijana wa miaka 17. Alipata shahada ya udaktari mwaka wa 1922, akaenda Göttingen na Leiden kuongeza maarifa, na mwaka wa 1926 alichapisha nadharia ya mwenendo wa chembe ambayo hadi leo inabeba jina lake. Mwaka huohuo aliteuliwa profesa wa fizikia ya nadharia katika Chuo Kikuu cha Roma. Alikuwa na miaka 25. Miaka miwili baadaye alimwoa Laura Capon, binti wa afisa wa jeshi la majini la Italia, Myahudi.

Ilikuwa Roma, katika jengo la fizikia la Via Panisperna, ambako Fermi alianza kushika kwa mikono yake vitu vinavyotoa mnururisho. Mwanzoni mwa 1934 habari zilifika kutoka Paris kwamba Irène Curie na mumewe, Frédéric Joliot, wameweza kutengeneza madini yenye mnururisho kutokana na madini yasiyokuwa nao. Fermi aliamua kujaribu vivyo hivyo kwa kutumia nyutroni, chembe iliyokuwa imegunduliwa miaka miwili tu kabla.

Ili kupata nyutroni alihitaji radiamu, na radiamu ilikuwa ghali kupita mali zote za idara yake. Kwa bahati, maabara ya afya ya umma ya serikali ilikuwa katika jengo hilohilo, nayo ilikuwa ikitunza takriban gramu moja ya radiamu. Mkuu wa maabara hayo, Giulio Cesare Trabacchi, alikuwa mkarimu kiasi kwamba vijana wa Fermi walimbandika jina la utani la Riziki ya Mwenyezi Mungu. Fermi alikuwa akivuta gesi ya radoni inayotoka kwenye radiamu hiyo, anaiingiza katika kijibomba cha kioo chenye unga wa beriliamu, kisha anakiziba kwa moto. Radoni hupoteza nusu ya nguvu zake kwa muda usiotimia siku nne, hivyo kazi hiyo ilirudiwa tena na tena. Ilifanywa karibu na uso, kwa vidole, na unga wa beriliamu ni sumu ya mapafu hata pasipo mnururisho.

Waliweka vijibomba hivyo katika chumba cha mwisho wa ujia, na mashine za kuhesabu mnururisho katika chumba cha mwisho mwingine. Kwa kuwa baadhi ya madini waliyoyapiga nyutroni yalipoteza mnururisho wake kwa sekunde chache, mtu alilazimika kuyachukua na kukimbia nayo ujia mzima. Fermi na mwenzake kijana, Edoardo Amaldi, walishindana kwa mbio hizo, kila mmoja akijigamba kuwa ndiye mwenye kasi zaidi. Yafaa ieleweke kwamba umbali huo uliwekwa kuzikinga mashine, ili hesabu zake zisivurugwe. Hakuna aliyefikiria kuwakinga waliokuwa wakikimbia. Katika miezi hiyohiyo, Julai 4, 1934, Marie Curie alifariki nchini Ufaransa kwa ugonjwa wa damu uliohusishwa na miaka yake mingi ya kushika vitu vya aina hiyo.

Oktoba 22, 1934, Fermi aliweka kipande cha nta ya parafini kati ya chanzo cha nyutroni na kipande cha fedha. Mnururisho uliongezeka maradufu kwa maradufu. Kufikia jioni alikuwa amepata maelezo: hidrojeni iliyo ndani ya nta hupunguza mwendo wa nyutroni, na nyutroni ya mwendo wa pole hunaswa kwa urahisi zaidi na kiini cha atomu. Juu ya ugunduzi huo ndipo vinu vingi vya nyuklia vilivyokuja baadaye vilipojengwa. Kundi lake lilipiga nyutroni madini ya urani pia, likadhani limeumba elementi mpya. Ukweli ulikuwa kwamba walikuwa wakivipasua viini vya urani bila kujua, jambo lililofichuliwa na Wajerumani Otto Hahn na Fritz Strassmann mwishoni mwa 1938, na kufafanuliwa na Lise Meitner na mpwa wake Otto Frisch.

Mwaka huo wa 1938 serikali ya Mussolini ilipitisha sheria za ubaguzi dhidi ya Wayahudi. Kwa Laura na watoto wawili, Nella na Giulio, Italia haikuwa tena makao salama. Tuzo ya Nobel iliyotangazwa Novemba iliwapa sababu halali ya kusafiri. Familia ilikwenda Stockholm Desemba kuipokea, na badala ya kurejea Roma ikapanda meli. Waliwasili New York Januari 2, 1939.

Habari za kupasuka kwa kiini cha urani ziliwafuata baada ya wiki chache. Katika Chuo Kikuu cha Columbia, Fermi pamoja na Mhungaria Leo Szilard walianza kutafuta kama nyutroni zinazotoka kwenye mpasuko mmoja zinaweza kusababisha mwingine, na mwingine tena, kwa mfululizo usiokatika. Walihitaji kulimbika urani pamoja na grafaiti, kaboni nyeusi ileile inayotiwa ndani ya penseli, ili kupunguza mwendo wa nyutroni. Makopo ya oksidi ya urani yalikuwa mazito mno kwa maprofesa, basi mkuu wa idara akawaajiri wachezaji wa timu ya chuo ya kabumbu la Kimarekani wayabebe. Vijana walilipwa kwa saa. Fermi alivaa ovaroli na kufanya kazi bega kwa bega nao, akitoka jioni akiwa mweusi kwa vumbi.

Hapa msomaji wa Afrika Mashariki na Kati ana haki ya kuingiza neno. Sehemu kubwa ya urani iliyotumiwa na Wamarekani wakati wa vita ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, katika Kongo ya Wabelgiji, mahali ambapo Kiswahili ni lugha ya migodini na sokoni. Zaidi ya tani elfu moja za mawe hayo zilisafirishwa hadi New York mwaka wa 1940 na kuhifadhiwa ghalani kabla ya jeshi la Marekani kujua lina haja nayo. Simulizi nyingi za maisha ya Fermi hueleza kwa kirefu vumbi lililomchafua yeye. Vumbi la waliochimba halitajwi.

Mapema mwaka wa 1942 kazi yote ilihamishiwa Chuo Kikuu cha Chicago chini ya mwanafizikia Arthur Compton, kwa jina la kuficha ukweli: Maabara ya Metali. Compton aliunda kitengo cha afya na kumkabidhi daktari wa miale, Robert Stone, kutoka California. Lilikuwa jambo geni. Hadi wakati huo, kiasi chote cha radiamu kilichokuwa kimewahi kusafishwa duniani kingeweza kuhesabiwa kwa gramu, na sasa chuo kilikusudia kuunda mashine itakayotoa mnururisho kupita radiamu yote hiyo.

Stone na wanafizikia aliopewa, miongoni mwao Ernest Wollan, walianza na walichokuwa nacho. Walipima damu za wafanyakazi mara kwa mara wakitafuta dalili za kupungua kwa chembe nyeupe. Wollan aliunda beji yenye kipande cha filamu ya picha ndani yake. Kadiri filamu inavyokuwa nyeusi baada ya kusafishwa, ndivyo aliyeivaa alivyopigwa na mnururisho. Walikubali kipimo kilichopendekezwa na kamati ya Marekani mwaka wa 1934, yaani sehemu moja ya kumi ya roentgen kwa siku. Mtu aliyefika kiwango hicho kila siku ya kazi angepokea kwa mwaka zaidi ya mara kumi ya wastani unaoruhusiwa wafanyakazi leo, ambao ni milisiveti 20. Taaluma yao ilipewa jina la fizikia ya afya. Inasemekana jina hilo lilipendwa kwa sababu halikumwambia mpelelezi chochote.

Mpango ulikuwa kinu kijengwe msituni Argonne, nje ya jiji. Mgogoro wa wafanyakazi ulichelewesha majengo. Fermi akamwendea Compton na kumweleza kwamba kinu kinaweza kujengwa salama papo hapo chuoni, akamwonyesha hesabu.

Hesabu hizo ndizo moyo wa kisa hiki. Kiini cha urani kikipasuka, zaidi ya asilimia 99 ya nyutroni hutoka papo kwa papo. Lau zingekuwa hizo tu, mfululizo ungeongezeka kwa kasi ambayo mkono wa binadamu hauwezi kuidhibiti. Lakini sehemu ndogo, isiyotimia asilimia moja, hutoka kwa kuchelewa, baadhi kwa sekunde na nyingine kwa zaidi ya nusu dakika. Mradi kinu kinazitegemea hizo zilizochelewa ili mfululizo ukamilike, nguvu yake hupanda polepole, na mtu ana wasaa wa kusukuma ufito ndani na kuuzima. Fermi alijua asilimia hiyo, na alijua kwa usahihi ni tabaka la ngapi la matofali litakalolifikisha lundo mahali hapo.

Compton alikubali. Baadaye alieleza kwamba kwa kanuni za kazi alipaswa kumwarifu rais wa chuo, Robert Hutchins. Aliona hata hivyo kuwa Hutchins hangeweza kuipima fizikia yenyewe, na kwa kuwa angeamua kama mkuu wa chuo tu, angelazimika kukataa. Kwa hivyo hakumwuliza. Kwa maoni ya mwandishi huyu, hoja hiyo ni ya kijanja kuliko ilivyo ya haki. Asiyeweza kupima hatari ndiye hasa anayehitaji kuelezwa, hasa anapokuwa ndiye mwenye dhamana ya maelfu ya wanafunzi. Wakati huo ulikuwa wa vita, na hofu ya kwamba Wajerumani wametangulia iliwatisha kuliko hatari nyingine zote. Wala haikujulikana bado kuwa Wajerumani hawakuwa karibu na kinu chochote.

Ujenzi ulianza Novemba 16. Walter Zinn aliongoza zamu ya mchana na Herbert Anderson ya usiku, saa 12 kila moja. Matofali ya grafaiti yapatayo 45,000 yalikatwa na kupangwa tabaka 57. Urani, ya metali na ya oksidi, ilizidi tani 40. Vumbi la grafaiti lilifanya sakafu kuwa telezi kama barafu. Ukumbi haukuwa na joto; walinzi waliokuwa wakitetemeka kwa baridi walipewa makoti ya manyoya yaliyoachwa na wachezaji wa kabumbu la Kimarekani.

Fermi aliweka ngazi tatu za kinga. Ya kwanza ilikuwa fito zilizopakwa kadimiamu, metali inayomeza nyutroni, zilizoendeshwa kwa mota na ambazo zingejiingiza zenyewe kama nguvu ingepita kiwango kilichowekwa. Ya pili ilikuwa ufito wa dharura uliofungwa kwa kamba kwenye roshani, ambapo Norman Hilberry, mwanafizikia na msaidizi wa Compton, alisimama na shoka tayari kukata kamba. Ya tatu ilikuwa vijana watatu juu ya jukwaa karibu na dari, wakiwa na chupa za maji ya chumvi ya kadimiamu, ambao wangemwaga yote juu ya lundo endapo mengine yote yangeshindikana. Wenzao waliwaita kikosi cha kujiua. Mmoja wao alikuwa Alvin Graves, na jina hilo litarudi.

Asubuhi ya Desemba 2, saa nne kasorobo, Fermi aliamuru fito za mota zitolewe. Kisha ule wa dharura. George Weil alibaki chini peke yake, akishika ufito wa mwisho kwa mkono. Fermi alimwambia autoe kiasi fulani, akatazama kalamu ya mashine ikichora mstari, akakokotoa, akatabiri mstari utasimama wapi. Ulisimama hapo. Akamwambia autoe tena kidogo. Leona Woods, mwanamke pekee chumbani, mwenye umri wa miaka 23, alisoma hesabu za mashine aliyosaidia kuiunda.

Saa tano na dakika 35 kishindo kilisikika na watu wakashtuka. Ufito wa usalama ulikuwa umejiingiza wenyewe; kiwango chake kilikuwa kimewekwa chini mno. Hapakuwa na hatari yoyote, na mtu mwenye pupa angeweza kukirekebisha kiwango na kuendelea. Fermi alitangaza kwamba ana njaa, akaamuru fito zote zirudishwe na kufungwa, na watu wote wakaenda kula chakula cha mchana. Katika historia nzima ya usalama wa maabara ni nadra kupata amri yenye busara kuliko hiyo.

Waliporudi waliendelea kwa mwendo uleule wa hatua kwa hatua. Saa tisa na dakika 25 alasiri mstari ulianza kupanda bila kusimama. Fermi alifunga kikokotozi chake na kutabasamu. Aliacha kinu kifanye kazi kwa muda usiotimia nusu saa, watu wakianza kutazamana, kisha akaamuru kizimwe. Nguvu iliyopatikana ilikuwa nusu wati, isiyotosha kuwasha tochi. Eugene Wigner alitoa chupa ya mvinyo wa Chianti aliyokuwa ameificha, wakanywa kwa vikombe vya karatasi.

Siku kumi baadaye walikiongeza nguvu hadi wati 200, na hapo ndipo walipokoma. Pasipo ukuta wa kukinga, mnururisho ulikuwa tishio kwa kila aliyekuwa karibu. Kinu kilirudishwa kwenye nusu wati, na mapema 1943 kikabomolewa na kujengwa upya msituni Argonne, safari hii kikiwa kimezungushiwa ukuta mnene wa saruji. Kwa maneno mengine, mahali palipokusudiwa tangu awali.

Fermi alihamia Los Alamos mwaka wa 1944, mwaka aliopata uraia wa Marekani. Alfajiri ya Julai 16, 1945, bomu la kwanza la atomiki lilipolipuliwa jangwani New Mexico, alidondosha vipande vya karatasi wimbi la mlipuko lilipomfikia, akapima kwa hatua umbali viliposukumwa, akakadiria nguvu ya bomu. Wiki tatu baadaye Hiroshima iliteketea. Yapo ya kuandikwa kuhusu dhamiri ya Fermi na bomu hilo, ila si katika makala haya. Itoshe kusema kwamba alikuwa katika jopo la wanasayansi lililoishauri serikali kuwa halioni njia mbadala, na kwamba mwaka wa 1949 alilipinga bomu la hidrojeni.

Los Alamos ndipo tahadhari ya Chicago ilipokosekana. Louis Slotin, Mkanada aliyetokea katika Maabara ya Metali, alikuwa akisogeza nusutufe mbili za kinga karibu na kitovu cha plutoniamu huku akizitenganisha kwa bisibisi tu. Inasimuliwa kwamba Fermi alimwonya kuwa akiendelea hivyo hatamaliza mwaka. Mei 21, 1946, bisibisi iliteleza. Slotin aliinua nusutufe ya juu kwa mkono na kuokoa waliokuwepo, lakini yeye alifariki baada ya siku tisa. Aliyekuwa amesimama nyuma ya bega lake alikuwa Alvin Graves, yule kijana wa chupa za kadimiamu. Graves aliugua vibaya, akapona, akaishi hadi 1965. Baada ya hapo kazi hiyo ilipigwa marufuku kufanywa kwa mikono.

Fermi mwenyewe alirejea Chuo Kikuu cha Chicago mwaka wa 1946 na kufundisha. Wanafunzi wake kadhaa walikuja kutuzwa Nobel, wakiwemo Owen Chamberlain, Tsung-Dao Lee na Jack Steinberger. Alikula nao katika mkahawa wa chuo na kucheza nao tenisi, na alikuwa hapendi kushindwa.

Katika majira ya joto ya 1954, akiwa Italia kutoa mihadhara, alionekana amekonda na chakula hakimshuki. Oktoba alipasuliwa katika hospitali ya chuo na madaktari wakakuta saratani ya tumbo iliyokwisha kusambaa. Wenzake waliomtembelea walimkuta akihesabu kwa saa matone ya chakula cha mpira yaliyokuwa yakiingia mwilini, ili kujua kasi yake. Alifariki nyumbani Novemba 28, akiwa na miaka 53, akazikwa katika makaburi ya Oak Woods, Chicago.

Wengi wameandika kwamba mnururisho ndio uliomuua. Huenda, saratani ya tumbo ilikuwa ya kawaida enzi hizo, na hakuna daktari anayeweza kuitazama saratani ya mtu mmoja akasema imetokana na nini. Kwa Herbert Anderson, mkuu wa zamu ya usiku, jambo ni wazi zaidi. Mapafu yake yaliharibiwa na unga wa beriliamu aliokuwa akiutumia kutengenezea vyanzo vya nyutroni, na aliishi na ugonjwa huo hadi kifo chake mwaka wa 1988.

Vyuo vikuu vilivyotaka vinu baada ya vita vilikuwa na swali moja: vipi kumpa mwanafunzi wa miaka 20 mashine kama ile bila kumsimamisha mtu mwenye shoka? Mwaka wa 1956 kundi la wanasayansi mjini San Diego, akiwemo Edward Teller, rafiki wa Fermi, lilibuni kinu cha TRIGA ambacho mafuta yake yakipata joto kupita kiasi hupunguza nguvu yenyewe, bila kungoja mkono wa mtu. Kimoja cha aina hiyo kilipelekwa Kinshasa, wakati huo Léopoldville, katika Chuo Kikuu cha Lovanium, kikawashwa mwaka wa 1959. Kilikuwa kinu cha kwanza barani Afrika. Fizikia yake haikuleta matata. Matata yalikuja kwa njia nyingine: fito mbili za mafuta zilitoweka, na mojawapo ilinaswa na polisi wa Italia mwaka wa 1998 mikononi mwa wahalifu waliokuwa wakitafuta mnunuzi. Hapa Kenya, ambako hakuna kinu lakini vyanzo vya mnururisho viko katika hospitali, viwanda na vyuo, sheria ya kwanza ya kinga ilipitishwa mwaka wa 1982, na nafasi yake ikachukuliwa na Sheria ya Udhibiti wa Nyuklia ya 2019.

Majukwaa ya Stagg Field yalibomolewa mwaka wa 1957, na sanamu ya shaba ya Henry Moore ikazinduliwa mahali pale Desemba 2, 1967. Usafi wa chuo ulichukua muda mrefu zaidi. Katika miaka ya 1970 wakaguzi wa serikali walipima majengo yaliyotumiwa na Maabara ya Metali, wakakuta mabaki ya mnururisho sakafuni, kutani na katika mabomba ya maji machafu, na kazi ya kuyaondoa ikafanywa katika miaka ya 1980. Mabaki ya kinu chenyewe yamezikwa katika msitu wa Red Gate Woods, nje ya Chicago, ambako watu hupita wakitembea na mbwa wao. Si mbali na hapo, juu ya shimo la taka za maabara za kati ya 1943 na 1949, kuna jiwe linalowaonya wapitao wasichimbe, na kuwahakikishia kwamba wageni hawana hatari yoyote.